Mwongozo kamili: kuchora gemu ya kujifunzia ili furaha ya mtoto iangukie kwenye somo

Malalamiko ni yaleyale, yawe yametoka Mjini, Makunduchi au Wete. Gemu imetengenezwa kwa jasho, watoto wanaigombania simu, vicheko vinasikika hadi barabarani. Kesho yake ukiwaandikia hesabu zilezile ubaoni, wanakutazama tu. Au kinyume chake: gemu ina hesabu sahihi tupu, mtoto anaigusa mara mbili tatu, kisha anauliza kama simu ina mpira.

Mara nyingi tatizo haliko kwenye hesabu wala kwenye programu. Liko kwenye mchoro. Rangi, umbo, sura ya mhusika na namna kitufe kinavyotikisika humpa mtoto hisia kabla hajasoma neno hata moja, na hisia hiyo ndiyo inayoamua jicho lake litue wapi na likae kwa muda gani. Kwa hiyo hatua zote zilizo hapa chini zinafuata kanuni moja: chochote kinachomfurahisha, kumshtua au kumtia hamu mtoto kikae juu ya kile kile unachomfundisha. Kikikaa pembeni, mtoto atakumbuka cha pembeni.

Mfano nitakaoutumia ni gemu ndogo ya sehemu kwa Darasa la Tatu. Kuna sinia lenye mkate wa kumimina, kipande kimoja kimeondoka, na mtoto anaburuta kipande cha kuziba pengo: nusu, theluthi, robo au thumni (moja ya nane). Nimeuchagua mkate kwa sababu hakuna mtoto wa Unguja wala Pemba asiyewahi kuuona ukikatwa, na wengi wameshagombania kipande kikubwa.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Karatasi nyeupe, penseli na mkasi. Nusu ya kazi itafanyika hapa.
- Kompyuta yenye Scratch au Godot, programu za kutengenezea gemu. Zote ni bure. Scratch ina toleo linalofanya kazi bila intaneti, na menyu zake unaweza kuzigeuza kuwa za Kiswahili. Godot inataka uvumilivu zaidi, lakini inatoa faili la moja kwa moja kwa simu za Android.
- Programu ya kuchorea: Inkscape au Krita, nazo ni bure.
- Fonti iitwayo Andika, iliyotengenezwa na SIL International kwa ajili ya wanaoanza kusoma. Herufi zake hazifanani, kwa hiyo mtoto hachanganyi tarakimu 1 na herufi ya L ndogo.
- Simu ya bei ndogo, aina ile ambayo mama au kaka wa mtoto anayo. Usijaribu gemu kwenye simu yako nzuri. Kioo chenye ufa ndicho kitakachokwambia ukweli.
- Watoto wanne au watano wasio wa nyumbani kwako, pamoja na ruhusa ya wazazi wao au ya mwalimu wao.

Ukitaka kuona kazi za wengine, tafuta programu za Global Learning XPRIZE, mashindano ya programu za kumwezesha mtoto kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu mwenyewe. Zilijaribiwa kwa Kiswahili vijijini mkoani Tanga, ng'ambo tu ya Pemba, na mwaka 2019 Kitkit School na onebillion wakagawana ushindi. Msimbo wa waliofika fainali uliwekwa wazi, kila mtu anaweza kuupakua na kuuchungulia.

## Hatua ya 1: Somo kwa sentensi moja, hisia kwa neno moja moja

Andika sentensi moja inayosema mtoto atajua nini akimaliza. Kwa gemu yetu: "Atajua kwamba robo ni ndogo kuliko theluthi, na ataweza kuonyesha kwa nini."

Sentensi hii haikuokotwa. Watoto wengi huona 4 ni kubwa kuliko 3, wakakata shauri kwamba robo nayo ni kubwa kuliko theluthi. Gemu ikiwa haikuchorwa kuligonga wazo hilo, mtoto atacheza wiki nzima na atatoka nalo.

Chini ya sentensi hiyo andika matukio ya gemu, na mbele ya kila tukio hisia moja unayoitaka:

- Kufungua gemu: hamu.
- Kupima kipande: utulivu.
- Kukosea: mshangao.
- Kupatia: fahari.

Kwa nini ujisumbue? Kwa sababu hisia nzuri si ya aina moja. Kuna furaha iliyochangamka, ile ya mtoto aliyefunga goli, na kuna furaha iliyotulia, ile ya anayesuka ukili akiona mstari unanyooka. Kupima na kulinganisha kunataka ile ya pili. Watengenezaji wengi huweka nyota, fataki na matikisiko kila mahali kwa kudhani kwamba changamko ndiyo furaha yenyewe, kumbe mtoto aliyechangamka kupita kiasi hapimi, anabonyeza.

Onyo: ukiona umeandika "furaha" kwenye matukio yote manne, rudia. Hujachagua kitu.

Utajua umefanikiwa pale mtu mwingine atakapoisoma karatasi yako na akakwambia, bila kuuliza, ni wapi gemu inatakiwa ipoe.

## Hatua ya 2: Chora kwa kijivu kwanza

Chora kioo kizima kwa penseli: sinia, mkate, pengo, vipande vya kuchagua, kitufe cha kurudi. Hakuna rangi. Ukihamia kwenye kompyuta, tumia nyeusi, nyeupe na kijivu za viwango vitatu, basi.

Rangi huficha mpangilio mbovu. Mchoro wenye rangi nzuri humridhisha mchoraji hata kama jicho la mtoto halijui lianzie wapi. Kwenye kijivu hakuna pa kujificha: kitu kikubwa zaidi na kilichokolea zaidi ndicho kitakachotazamwa kwanza. Katika gemu yetu kitu hicho lazima kiwe pengo la mkate. Kisiwe jina la gemu, kisiwe nembo ya skuli, wala idadi ya alama.

Fumba macho nusu, utazame kioo. Vinavyobaki kuonekana ndivyo atakavyoviona mtoto kwanza. Kisha mwonyeshe mtoto kwa muda wa kuhesabu moja hadi tatu, ufunike, umuulize: "Umeona nini?" Akijibu "mkate umeliwa" au "mkate una shimo", umeshapata. Akijibu "maandishi", punguza maandishi.

Hapa hapa pima ukubwa wa vya kuguswa. Mwongozo wa Android unataka kitu cha kugusa kisipungue dp 48, yaani kama milimita 9. Kwa watoto mimi huenda hadi milimita 12 au 15, maana mtoto wa miaka minane hagusi kwa ncha ya kidole, na akikosa kipande mara mbili atajiona yeye ndiye hajui hesabu.

## Hatua ya 3: Umbo

Mwaka 1943 Konrad Lorenz, mtaalamu wa tabia za wanyama, alieleza kwamba kichwa kikubwa, macho makubwa na mashavu ya duara humfanya mtu aone kitu kama kichanga na akipende. Wachora katuni wanaitumia hadi leo. Kwa wanaotengeneza vifaa vya kufundishia, utafiti unaotajwa sana ni wa Um, Plass na wenzao wa mwaka 2012: walichukua somo la jinsi kinga ya mwili inavyofanya kazi, wakalichora upya kwa maumbo ya duara yenye nyuso na rangi za joto. Waliosoma toleo hilo walijihisi vizuri zaidi, walilielewa somo zaidi, na waliliona si gumu sana.

Zingatia kwamba walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, si Darasa la Tatu. Na zingatia kilichochorwa upya: ni seli na vijidudu vyenyewe, ambavyo ndivyo vilivyokuwa somo. Hakuna aliyeongeza sungura pembeni.

Kwa gemu yetu: mpe mkate unene kidogo, kingo laini na kivuli chini yake, ili mtoto aone kitu cha kushikika. Kipande nacho kiwe na kona iliyopinda kidogo. Lakini ile ncha ya katikati, pale kisu kilipopita, iache kali. Pembe ya kipande ndiyo hesabu yenyewe. Ukiilainisha sana ili ipendeze, robo na theluthi zitafanana, na utakuwa umelifuta somo kwa mkono wako.

Onyo: usilainishe kila kitu. Kitufe cha kurudi, fremu na sehemu ya alama viache wima na vya kawaida. Vyote vikiwa duara na vinene, hakuna kinachopendwa zaidi ya kingine.

## Hatua ya 4: Uso, na la kufanya pale uso usipotakiwa

Ukilazimika kuchagua kitu kimoja cha kushughulikia, chagua hiki. Plass na wenzake walipowapima wahusika wa gemu wenyewe, katika utafiti uliochapishwa 2020, mwonekano wa uso na unene wa umbo viligusa hisia za watu kwa nguvu kuliko rangi na kuliko umbo kuwa la duara au la pembe. Kabla ya hapo, mwaka 2014, Mayer na Estrella walikipa kirusi uso na rangi katika somo la jinsi kinavyoingia ndani ya seli. Waliojifunza kwa picha hizo walifanya vizuri zaidi kwenye mtihani.

Kwa hiyo jibu jepesi ni kuupa mkate macho na mdomo. Mkate wenye pengo unaonekana una wasiwasi kidogo, ukizibwa sawasawa unatabasamu. Hisia imekaa juu ya pengo, na pengo ndilo somo.

Sasa tuje nyumbani. Wapo wazazi na walimu wa chuoni (madrasa) wasiopenda viumbe wenye roho kuchorwa, hasa uso wenye macho. Wengine hawana tatizo na katuni, wengine watakubali mkate wenye macho kwa sababu mkate hauna roho, na wengine wataona kuutia macho ndiyo kuharibu zaidi. Usijadiliane nao kupitia gemu. Uliza kabla hujachora: mwalimu mkuu, maalim wa chuo cha jirani, mzazi mmoja au wawili. Ukienda Pemba na gemu iliyojaa nyuso bila kuuliza, inaweza kurudishwa siku ya kwanza na hutaambiwa sababu, utaambiwa tu "watoto wana mitihani".

Habari njema ni kwamba uso si lazima. Mwaka 1944 wanasaikolojia Fritz Heider na Marianne Simmel waliwaonyesha watu filamu fupi ya pembetatu mbili na duara moja zikitembea. Hakuna jicho wala mdomo, lakini karibu watazamaji wote walisimulia kisa cha watu: huyu mkorofi, yule anaogopa, wale wanakimbizana. Mwendo peke yake hutosha kuleta hisia. Basi mpe mkate mwendo:

- Kabla ya kuzibwa, upande wenye pengo uiname kidogo, kama mtu aliyeegemea mguu mmoja.
- Kipande kikikaribia, mkate uinuke polepole.
- Kikikaa sawa, uvimbe kidogo, utulie, mvuke upae.
- Kikikosea, usiruke wala kutetemeka. Ubaki umeinama.

Ukichora haya vizuri, watoto watasema "mkate umefurahi" bila ya kuona uso wowote.

Onyo: siku hizi wengi wanaomba picha za watoto kwenye programu za akili bandia, wanapata uso unaokaribia kuwa wa mtu lakini si wa mtu, na wakati mwingine mkono una vidole sita. Masahiro Mori, mtaalamu wa roboti wa Japani, alieleza tangu 1970 kwamba sura inayokaribia mno ubinadamu bila kuufikia huleta ukakasi. Mtoto hatakwambia kwamba ana ukakasi, ataifunga gemu. Mchoro wa mkono uliopindapinda una heshima zaidi.

## Hatua ya 5: Rangi

Hapa ndipo watu huanzia, na ndipo wanapoharibu. Nimeiweka ya tano kwa makusudi.

Katika utafiti mwingine wa kina Plass, uliotoka 2014, rangi za joto peke yake hazikubadilisha hisia za wanafunzi. Maumbo ya duara yenye nyuso ndiyo yaliyofanya hivyo, yakiwa na rangi hizo au bila ya rangi hizo. Hata hivyo rangi za joto zilisaidia kuelewa somo. Tafsiri yangu ya kiutendaji: tumia rangi kama tochi ya kumulikia, usiitumie kama chumvi ya kunyunyiza kila mahali.

Chagua rangi tatu. Moja tulivu kwa nyuma (samawati iliyofifia, au rangi ya mchanga), moja ya joto kwa mkate na vipande tu (kahawia yenye wekundu wa moto juu, kama mkate uliotoka kwenye mkaa), na moja iliyokolea kwa maandishi. Rangi ya joto isionekane mahali pengine popote. Ukiiweka pia kwenye kitufe cha "Anza", umeigawa tochi.

Kisha pitia mambo haya manne ya hapa kwetu.

*Rangi za vyama.* Kijani na njano zikikaa pamoja, mtu mzima yeyote Zanzibar ataona CCM. Zambarau ikitawala kioo, ataona ACT-Wazalendo. Hukukusudia, lakini hakuna atakayekuuliza ulikusudia nini, na mwaka wa uchaguzi gemu ya sehemu inaweza kuzusha mjadala barazani. Zitenganishe, zififishe, au ziache kabisa.

*Wekundu wa kalamu.* Kwa mtoto wa skuli, alama nyekundu ni daftari lililorudishwa na mkwaju wa kosa. Hiyo ni hisia nzito uliyoikuta tayari, kwa hiyo usiiamshe bure kwenye vitufe na fremu.

*Jua.* Gemu itachezwa kwenye baraza, chini ya mwembe, nje ya duka. Maandishi ya njano juu ya nyeupe hayatasomeka kabisa: tofauti ya mwanga wake ni takriban 1.07 kwa 1, wakati WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya kurasa za mtandao zisomeke na watu wote, unataka isipungue 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Toka nje saa sita mchana, punguza mwanga wa simu hadi nusu, usome. Mtoto anayekunja uso kwa ajili ya jua anafanana sana na mtoto anayekunja uso kwa ajili ya hesabu, na mwishowe hata yeye mwenyewe hatofautishi.

*Wasioona nyekundu na kijani sawasawa.* Wapo katika kila jamii, zaidi wanaume. Kijani cha kawaida na nyekundu safi vina mwanga unaokaribiana mno. Geuza kioo kuwa kijivu utaona vinafanana. Kwa hiyo sahihi na kosa visitofautishwe kwa rangi peke yake.

Utajua umefanikiwa ukigeuza picha ya kioo kuwa kijivu na bado pengo la mkate ndilo linalovuta jicho, kama lilivyokuwa katika hatua ya 2.

Halafu neno la pembeni: kila gemu ya Zanzibar ninayoletewa ina mnazi, ngalawa na bahari ya samawati, kama kadi ya posta. Huo ni uzuri wa mgeni. Mtoto wa Micheweni ameamka na mnazi, haushangai. Sinia la bati lenye maua yaliyofifia litamgusa zaidi, kwa sababu liko kwao.

## Hatua ya 6: Chora kosa

Wengi huchora jibu sahihi kwa siku nzima na kosa kwa dakika moja: alama ya X, mlio wa "bwaa", kipande kinarudi. Lakini mtoto anayejifunza hukosea zaidi kuliko kupatia, kwa hiyo muda mrefu wa gemu anautumia kwenye kioo ambacho hukukijali.

X nyekundu inampa hisia (aibu) bila habari yoyote. Anajua kwamba si hiki. Hajui kwa nini si hiki. Atajaribu kingine, na kingine, mpaka kimoja kikubali. Mwalimu akimtazama kwa mbali ataona anacheza.

Fanya hivi. Kipande kisicho sahihi kisirudi. Kiache kikae kwenye pengo. Robo ikiwekwa kwenye pengo la theluthi, unabaki ufa mwembamba ambao sinia linaonekana. Theluthi ikiwekwa kwenye pengo la robo, kipande kinapanda juu ya mkate na kutupa kivuli. Hakuna sauti. Baada ya kitambo, ufa unamulikwa taratibu kwa mwanga hafifu, basi. Kosa limejieleza lenyewe.

Nilimtazama msichana mmoja wa Konde akicheza toleo la namna hii. Aliweka robo kwenye theluthi, akasogeza uso karibu na kioo, akapitisha ukucha juu ya ule ufa. "Hichi kimepwaya," alisema, hakuwa anamwambia mtu. Akakitoa, akakiweka juu ya theluthi iliyokuwa chini, akavilinganisha kabla ya kuburuta tena. Kile kitendo cha kulinganisha ndicho somo, na hakuna maandishi yoyote kwenye kioo yaliyomwambia akifanye. Ufa ndio uliomwambia.

Mshangao kama huu una utamu wake iwapo unatatulika. Ukidumu unageuka kukata tamaa, kwa hiyo weka kikomo: akikosea pengo lile lile mara tatu, mistari ya kukatia ionekane juu ya mkate mzima, aweze kuhesabu. Usimpe jibu.

Onyo: usiufanye mchezo wa kukosea ukapendeza kuliko wa kupatia. Ikiwa kipande kibovu kinaanguka kwa kishindo cha kuchekesha, watoto watakosea makusudi, na watawaita wenzao waje kuona.

Kwa upande wa kupatia, uache utulivu: mkate unavimba, mvuke, jina la kipande linasomeka kwa herufi kubwa, "theluthi". Fataki weka mwisho wa raundi nzima, ukizitaka.

## Hatua ya 7: Toa mapambo

Mwaka 1998 Harp na Mayer walijaribu somo la jinsi radi inavyotokea. Walipoongeza visa na picha za kusisimua ambazo hazikuhusu maelezo yenyewe, wasomaji walikumbuka machache ya somo na walishindwa zaidi kuyatumia kutatua maswali. Kitu kinachosisimua pembeni kinaiba.

Kwa hiyo yule kima punju uliyemchora akiruka nyuma ya sinia, hata kama umekesha naye, mtoe. Muhifadhi kwa gemu ya wanyama wa Jozani, huko atakuwa ndiye somo. Kila kilichobaki kwenye kioo kiulize: nikikiondoa, mtoto atashindwa kupima kipande? Jibu likiwa hapana, kiondoe au kitulize kisisogee. Wafadhili watataka nembo. Iweke kwenye kioo cha kufungulia na si pengine.

## Hatua ya 8: Jaribu na watoto, bila ya kuwauliza kama wamependa

Ukiwauliza watoto wa Zanzibar "mmependa?" mbele ya mwalimu, watajibu kwa pamoja na kwa sauti "Ndiyooo!" Wamelelewa wasimvunje mgeni. Jibu hilo halina faida kwako.

Badala yake:

1. Kabla ya kucheza, mpe kila mtoto karatasi yenye jozi tano za sehemu, azungushie iliyo kubwa: robo na theluthi, nusu na thumni, na kadhalika. Usisahihishe mbele yake.
2. Mpe simu akiwa peke yake. Wakiwa wanne, mmoja anacheza na watatu wanatoa amri, utapima nguvu ya sauti tu.
3. Kaa ubavuni, si mbele. Andika vitu vitatu: jicho lilitua wapi kwanza, alisita wapi, na uso wake ulikuwaje mara baada ya kosa. Kukunja uso kisha kusogea karibu ni dalili njema. Kukunja uso kisha kutazama kando, au kukutazama wewe, ni aibu. Rudi hatua ya 6.
4. Kesho yake, si siku ile ile, mpe karatasi nyingine ya jozi tofauti. Furaha ya siku ya mchezo husaidia kila kitu kionekane kimeeleweka.
5. Mwombe akukatie mkate wa karatasi kwa mkasi: robo moja, theluthi moja. Kisha aeleze ipi kubwa na kwa nini.

Usipange siku ya majaribio mchana wa Ramadhani wala saa ya chuoni. Mtoto mwenye njaa mbele ya mkate unaotoa mvuke si jaribio la haki, na atakayechelewa chuoni kwa ajili yako atapata matatizo.

Ukiwa na nafasi, tengeneza matoleo mawili yanayotofautiana kwa jambo moja tu, kwa mfano kosa lenye X na kosa lenye ufa, ugawe watoto nusu kwa nusu kwa kura. Ukibadilisha rangi, umbo na kosa kwa pamoja, hutajua kilichofanya kazi ni kipi.

Utajua umefanikiwa ikiwa watoto waliozungushia robo siku ya kwanza wanazungushia sehemu iliyo kubwa kweli siku ya pili, na wanapoeleza wanatumia mikono kuonyesha upana wa kipande. Vicheko vikiwepo, vizuri; visipokuwepo, tazama mikono.

## Kabla hujaisambaza

Punguza ukubwa wa faili. Gemu itatembea kwa Bluetooth na kadi za kumbukumbu, kutoka simu hadi simu, na kwenye simu iliyojaa mzazi huifuta ya kwanza iliyo nzito. Hifadhi michoro kama SVG au PNG ndogo, toa video ya utangulizi, sauti ziwe fupi. Na gemu ifunguke moja kwa moja kwenye mkate, maana simu ni ya kuazima na mwenyewe anaitaka.